Pumzi ya Kuimbia

Leo nimeimba ubeti mzima huku nakimbia. Naandika kabla sijaoga, jasho bado linanichuruzika mgongoni, kwa sababu imepita zaidi ya miezi 14 tangu niweze jambo hilo.

Kwa asiyezijua klabu za joging za Dar es Salaam: hatukimbii kimya. Tunakwenda kwa safu, fulana za rangi moja, mbele yupo wa kuimbisha na nyuma wote wanaitikia, miguu ikipiga lami kwa mapigo ya wimbo. Ni mchakamchaka uleule wa shuleni, ila sasa ni watu wazima, tunaanzia Mwananyamala saa 11 na nusu alfajiri kila Jumapili. Mimi niliimbisha kwa miaka sita. Kilomita 10, kwenda na kurudi, sauti haikatiki. Nilikiamini kifua changu kuliko miguu yangu.

Ndiyo maana ugonjwa wangu ulijitokeza kwanza kwenye wimbo. Naanzisha, wanaitikia, zamu ikinirudia sina pumzi. Nikadhani ni vumbi. Kisha ngazi za kazini, ghorofa mbili tu, nikawa nafika juu moyo unadunda mpaka masikioni. Zahanati ya kwanza niliandikiwa dawa ya malaria. Nikameza, hali ikabaki ileile. Kumbe mwaka mzima hedhi yangu ilikuwa inakwenda siku 9, siku 10, tena kwa mabonge, na mimi nilikuwa nimeizoea. Hilo linaniuma mpaka leo. Mama alikuwa hivyo, mama mdogo alikuwa hivyo, nikachukulia kuwa ndivyo tulivyoumbwa wanawake wa kwetu.

Kipimo kikatoa damu 6.8. Kwa mwanamke asiye mjamzito, Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 12 kuwa ni upungufu. Altrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, vipande vitano, kimoja kama chungwa. Daktari, mama mmoja wa makamo, alinieleza taratibu: chembe nyekundu ndizo zinazobeba oksijeni, zikiwa chache moyo unalazimika kuzizungusha haraka zaidi ili mwili upate haki yake. "Mwanangu, wewe hata ukilala moyo wako unakimbia. Halafu alfajiri unaamka kuuongezea mbio nyingine." Usiku ule nilijihesabu mapigo nikiwa kitandani. 104 kwa dakika.

Nikasimamishwa kukimbia. Vidonge vya madini ya chuma kila siku, kwa juisi ya chungwa, na chai ya rangi ikae mbali na vidonge na chakula, maana chai huyazuia yale madini yasiingie mwilini. (Choo huwa cheusi, usiogope, ni vidonge.) Mama mdogo akawa ananiletea juisi ya rozela, ile nyekundu inayosemwa kuwa inaongeza damu, kila Ijumaa. Niliinywa kwa upendo wake, lakini vidonge sikuviruka hata siku moja.

Kabla ya upasuaji wa kuondoa ule uvimbe, ndugu walitakiwa wachangie damu. Waliokuja ni klabu, watu kumi na mmoja, na fulana zao. Mwenzetu mmoja alirudishwa kwa sababu damu yake mwenyewe haikutosha. Alikuwa anakimbia nasi kila Jumapili, anaitikia, anacheka, na hakuna aliyejua, yeye mwenyewe pia hakujua. Naye sasa anatibiwa. Kila nikimkumbuka siku ile, amekaa kwenye benchi na pamba mkononi, natamani kila mwanamke anayejiona mvivu apimwe damu kwanza kabla hajajilaumu.

Nilichanwa kama mzazi anayetolewa mtoto. Nikafundishwa kuamka upya: geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Wiki sita nisinyanyue kitu kizito. Wiki ya tano maji yakakatika mtaani, nikaona aibu kumsubiri kijana wa jirani, nikabeba ndoo ya lita 20 kutoka getini mpaka jikoni. Ni hatua kama ishirini. Usiku mshono ukawaka moto, asubuhi ukawa unatoa majimaji, nikarudi hospitali na homa. Ikawa wiki nne nyingine za kulala chali na kusafishwa kidonda.

Hizo wiki nne ndizo zilizonivunja. Zile za kwanza nilipangiwa na ugonjwa, hizi nilijiletea. Nilikuwa na daftari langu la mbio, tarehe, kilomita, dakika, na kila jioni nilikuwa nalifungua kuangalia mtu niliyekuwa. Siku moja nikalikabidhi kwa dada alifiche, nikanunua jingine. Jipya halina safu ya kilomita. Naandika usingizi, hedhi, maumivu, na kama nimepata pumzi ya kuimba.

Hili la kuimba nimelipata kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Nilimuuliza nitajuaje kwamba nimezidisha. Akasema ukiweza kuimba, bado ni mazoezi mepesi. Ukiweza kuongea lakini kuimba kunakushinda, ni ya kiasi. Ukishindwa hata kumaliza sentensi, umekaza. Akaniambia kwa miezi ya mwanzo nikae pale penye kuimba. Hakujua mimi ni nani kwenye klabu. Nililia mbele yake, akadhani ameniumiza.

Basi nikaanza na nguzo za umeme za mtaa wetu. Wiki za mwanzo kutembea tu, nguzo kwa nguzo, kanga nimeikaza tumboni. Kisha nguzo tatu kutembea, moja kukimbia. Nikikosa pumzi ya kuimba polepole, natembea. Hedhi ikija napunguza. Kuna siku nilitoka, nikafika nguzo ya pili, nikarudi, na kwenye daftari nikaandika hivyohivyo: nguzo mbili.

Kurudi klabuni nako kulikuwa na lake. Mbele sasa anaimbisha kijana mwingine, ana sauti nzuri. Mimi niko nyuma, na huko nyuma nimekuta watu ambao miaka sita sikuwahi kukimbia nao hatua moja: mzee mwenye sukari, mama mwenye magoti, binti aliyejifungua juzi. Wengine niliwahi kuwapigia kelele wakaze mwendo. Nimewaomba radhi mmoja mmoja. Mama wa magoti alinishika mkono tu, akasema, "Ulikuwa hujafika huku, mdogo wangu."

Siku hizi kundi letu la nyuma tunachukua bajaji mpaka ufukwe wa Coco, tunaanzia hapo, tunapita Daraja la Tanzanite, lile lililoanza kutumika 2022. Lina urefu wa kilomita moja na kidogo, bahari iko pande zote mbili, na taa zake zimekuwa nguzo zangu. Leo upepo ulikuwa wa kusukuma. Nilikimbia nguzo moja, nikasikia kifua kiko wazi, nikaanzisha. Sikupanga. Mzee wa sukari akaitikia, wakaitikia wote, tukafika nguzo ya nne ubeti ukaisha. Wa pili sikuuanza. Nikatembea.

Daktari aliniambia chembe nyekundu huishi siku kama 120. Nina miezi saba tangu nipasuliwe, kwa hiyo damu niliyopewa imeshamaliza kazi yake, na hii iliyoimba leo nimeitengeneza mwenyewe, kwa maini, kwa dagaa, kwa vidonge, na kwa kukaa chini nilipoambiwa nikae. Mwezi uliopita ilikuwa 11.4. Jumanne napima tena.

Maji ya kuoga yamechemka, na kuna mtu ananiita mlangoni. Ni yule mwenzetu wa kwenye benchi, amekuja na machungwa.