Mapeasi ya moto yalivyonituliza tumbo

Kwa miaka mingi sikuweza kumaliza chakula cha usiku bila kitu kitamu. Pilau, halafu bakuli la matunda yaliyokatwakatwa, juu yake kastadi baridi kutoka kwenye friji. Nusu saa haipiti tumbo limejaa kama ngoma. Nalegeza kanga, nakaa barazani hadi saa sita nikisubiri lishuke. Daktari alinipima, hakuona ugonjwa, akanishauri nipunguze kula usiku.

Aliyenibadilisha ni jirani yetu hapa Tanga, mama wa Kigujarati aliyezaliwa mji huu huu. Mtaa mzima tunamwita Ba, kama wanavyomwita wajukuu zake. Siku moja alinikuta nachanganya nanasi na maziwa, akalisogeza bakuli pembeni. "Mwanangu, tumboni kuna moto. Umeupa kazi ya pilau, sasa unaumwagia baridi!" Moto huo wanauita agni, na Ayurveda, tiba ya kale ya Kihindi, inausimamia kwa makini: chakula chema ni kile ambacho moto wako unaweza kukisaga. Tunda, hasa lenye ukali, haliwekwi pamoja na maziwa. Shida yangu akaiita vata, yaani upepo. Nikamwambia marehemu bibi aliiita riahi. "Basi ndiyo hiyo hiyo," akasema. "Upepo ni baridi tena mkavu. Upe joto na mafuta."

Nikaanza na mapeasi ya Lushoto, yale yanayouzwa kwa ndoo pale Mombo. Namenya 3, nakata vipande vya unene wa kidole. Samli kijiko kimoja kwenye sufuria, moto mdogo. Ikiyeyuka natia karafuu 3 na kijiti cha mdalasini. Karafuu zinavimba, zinatoa vipovu pembeni, harufu inapanda mpaka sebuleni. Hapo ndipo pa kuwa macho, maana zikipitiliza kidogo tu zinaungua na sufuria nzima inakuwa chungu. Mapeasi yanafuata, na tangawizi mbichi iliyoparuzwa kijiko cha chai, maji nusu kikombe, chembe ya chumvi. Nafunika dakika 15. Vipande vinaacha weupe wake, vinaanza kupitisha mwanga, na kisu kinazama chenyewe.

Mara ya kwanza nilimimina asali ikachemkia humo humo. Ba alikataa hata kuonja. Kwao asali haipikwi kabisa. Inatiwa chakula kikishakuwa vuguvugu, au utumie sukari guru tangu mwanzo. Nimelishika hilo, na kwa kweli asali isiyopita motoni inabaki na harufu yake yote.

Kilichonishinda zaidi ni saa. Ba anataka tunda liliwe peke yake, si juu ya chakula, nami utamu wa baada ya kula nilikua nao tangu utotoni. Nikalihamishia saa kumi jioni, kibakuli kidogo cha moto, bila kitu kingine. Siku za mwanzo usiku nilizungukazunguka jikoni nikifungua na kufunga friji. Wiki ya pili hamu ikaisha, na tumbo likalala kabla yangu.

Kibakuli kiwe kidogo kweli. Peasi lina sobitoli, aina ya sukari ambayo utumbo hauifyonzi vizuri, na kulipika hakuiondoi. Nikizidisha, gesi inarudi. Ndizi mbivu nazo napika hivi hivi, ila kwa dakika 5 tu. Embe dodo siligusi kwa moto, linajitosheleza.

Mwezi uliopita nilimpelekea Ba kibakuli chake, akala taratibu, kijiko kwa kijiko. Kisha akauliza iliki nimeitia wakati gani. Nikasema mwanzo, pamoja na karafuu. Akatikisa kichwa: "Imeshaondoka na mvuke." Sasa naponda punje zake kwenye kinu, nazima jiko kwanza, nanyunyiza, na kufunika dakika 2 kabla ya kupakua.