Njia ya miguu kando ya kinamasi: fuata maji kwanza

Kinamasi cha Ondiri, pale Kikuyu katika Kaunti ya Kiambu, huwadanganya wageni. Ukikiona kwa mbali utadhani ni malisho tu, kumbe majani yameota juu ya maji, na ukiyakanyaga ardhi inanesa kama godoro. Hapo hakuna nguzo itakayosimama. Kikundi cha kujitolea kinachotaka njia ya wapita kwa miguu mahali kama hapa kiiweke ukingoni, kwenye nyasi zilizoshika udongo, na kinamasi chenyewe kitazamwe tu.

Njia ipimwe wakati wa mvua ndefu, kati ya Machi na Mei, wala si Januari watu wakiwa na nafasi. Maji yakifika juu kabisa, pigilia vigingi vilivyopakwa rangi pale yanapoishia. Njia ipite upande wa juu wa vigingi hivyo, maji yasipofika. Kabla ya jembe kugusa ardhi, ulizieni kibali cha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, maana ardhi oevu nchini Kenya ina kanuni zake tangu 2009, na nia njema si kibali. Korongo taji nao hutaga humo humo majanini, kwa hiyo njia isipite karibu na viota. Iacheni ijifiche nyuma ya vichaka.

Upana wa mita 1.2 unatosha. Uso wa njia uinamie upande wa kinamasi kwa sentimita 3 hivi kwa kila mita. Kupima ni rahisi: laza ubao wa mita 1.2 kukingama njia, weka kipande cha mbao cha sentimita 4 chini ya ncha ya upande wa chini, kisha pimamaji juu yake. Povu likikaa katikati, mko sawa.

Mteremko huo mdogo ndio roho ya kazi nzima. Njia iliyo bapa hushika dimbwi, watu hulikwepa kwa kukanyaga nyasi, na baada ya misimu miwili ile mita 1.2 imekuwa mita 4 za tope. Wengi hukimbilia kuweka kamba na vibao vya "Usipite hapa". Mpita njia hana kosa, ondoeni maji.

Panapolowa kidogo, chimbeni mtaro kila upande na inueni njia katikati: mawe chini, moramu juu. Tabaka la sentimita 10 kwa mita 100 ni mita za ujazo 12, lakini moramu hushuka ikishindiliwa, kwa hiyo agizeni 15. Kwa wilbaro ya lita 65 hizo ni safari kama 230, hesabu ambayo ni vizuri watu waijue kabla ya Jumamosi kufika. Kagueni pia machimbo inakotoka, kwani moramu huja na mbegu za magugu.

Panapolowa mwaka mzima, jengeni daraja la mbao. Chomekeni nondo ardhini kwanza: isipogonga udongo mgumu, hamisheni njia. Nguzo zikae kila mita 1.5, na mbao zilazwe kukingama mwendo, zikiachana sentimita 1 ili maji yapite. Kwa mbao za upana wa sentimita 15, mita 10 za daraja zinataka vipande 63 vya mita 1.2 na skrubu kama 250, nne kila kipande. Misumari ni rahisi, ila mbao zikilowa na kukauka huitema, na kichwa cha msumari kilichochomoza humkwaza mtoto. Mbao zilizotiwa dawa zikatieni juu ya turubai, mbali na maji, kisha vumbi lote lizolewe. Nguzo huoza kwanza usawa wa ardhi, panapokutana hewa na unyevu; chomeni hapo kwa bisibisi kila mwaka.

Kivuli? Mikuyu inafaa. Mikaratusi msiipande, hata mkipewa miche bure.

Na kila baada ya mvua, mtu mmoja apite na jembe kuondoa tuta la udongo linalojijenga ukingo wa chini wa njia. Tuta la sentimita 3 tu linatosha kuyarudisha maji katikati, na hiyo ni kazi ya asubuhi moja ambayo hakuna anayeijia na fulana ya uzinduzi.