Nilivyofufua kabureta ya PZ27 nyumbani: uso uliopinda, boya na jeti

Kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, hapa ni PZ27, ile inayofungwa kwenye pikipiki nyingi za Kichina zenye injini ya mtindo wa Honda CG. Ilikuja na dalili tatu kwa pamoja: koki ya tangi ikifunguliwa inamwaga petroli kwenye mpira wa chini, bila choki (inayopunguza hewa) haitulii sailensi, yaani mngurumo wa chini bila kukanyaga resi, na ukiachia resi, injini inachelewa kushuka. Wengi wakikuta hali hii hukimbilia skrubu za marekebisho. Hizo ni za kumalizia kazi. Kabureta inayovuta hewa pembeni au yenye kiwango kibaya cha petroli hairekebishiki kwa bisibisi, hata uzungushe mchana kutwa.

Nilifungulia nje, mbali na jiko na cheche yoyote. Nilifunga koki, nikalegeza skrubu ya chini ya bakuli, sehemu ya kabureta inayotunza petroli, na kukinga petroli kwenye chombo cha bati ili niione vizuri. Maji yakiwemo hukaa chini kama matone. Yakikaa muda mrefu hula metali na kuacha unga mweupe, ambao huziba jeti, vile vipande vyenye tundu dogo vinavyopima petroli. Kifuniko cha juu kilitoka kwa mkono pamoja na slaidi, kile kipande kinachopanda na kushuka ukivuta resi, na sindano yake. Nilivifunga kwenye mfuko safi vikabaki vinaning'inia kwenye kebo. Kisha nikafungua nati mbili zinazoishika kwenye injini kwa spana namba 10, na klampu ya mpira wa filta ya hewa.

Skrubu za bakuli zinataka bisibisi ya nyota inayojaa kichwa sawasawa. Ikigoma, gonga kitako cha bisibisi mara kadhaa kwanza, ndipo uzungushe. Pini ya boya, kile kinachoelea ndani ya bakuli na kudhibiti kiwango cha petroli, niliisukuma taratibu kutokea upande uliolegea. Usiipige kwa nguvu: vile vinguzo viwili vinavyoishika vikivunjika, kabureta hiyo umeimaliza.

Ugonjwa mkubwa ulikuwa kwenye uso unaobana upande wa injini. Niliulaza juu ya kioo na mwanga ukapita katikati. Nati hukazwa kupita kiasi kuzuia hewa, masikio mawili yenye matundu ya nati yanavutwa, katikati panabaki pamejikunja, na hewa inazidi kuingia. Ndiyo maana resi ilichelewa kushuka: mchanganyiko ulikuwa na hewa nyingi mno. Nilitoa oringi (pete ya mpira ya kuzuia hewa), nikachora mistari ya wino juu ya uso wote, nikalaza msasa namba 240 juu ya kioo kinene na kusugua kwa mwendo wa kuchora namba nane, nikilowesha kwa mafuta ya taa. Wino ulipofutika kila mahali niliacha, nikalainisha kwa namba 400. Usisugue kupita hapo, kwa sababu mfereji wa oringi unapungua kina. Oringi mpya inatakiwa ichomoze kidogo tu juu ya uso. Kazi hii ifanywe kabla ya kusafisha matundu, maana vumbi la msasa huingia kila mahali.

Boya nililitikisa sikioni, halikuwa na petroli ndani. Nikalizamisha kwenye maji ya moto, si yanayochemka: hewa ya ndani ikitanuka, ufa wowote hutoa mapovu. Boya lililotoboka badilisha. Ukiliziba kwa gundi linakuwa zito, linaelea chini zaidi, na petroli inapanda kupita kiwango. Kwangu kosa lilikuwa kwenye sindano ya boya, ile inayofunga njia ya petroli boya likipanda. Ncha yake ya mpira ilikuwa na pete iliyochimbika. Niliweka mpya, na kikalio cha shaba nikakisugua kwa pamba yenye dawa ya meno kisha nikakiosha. Unga wa kusagia valvu ni mkali mno kwa kazi hii. Kupima ni rahisi: geuza kabureta kichwa chini na upulize kwa mdomo tundu la kuingizia petroli. Hewa isipite kabisa. Irudishe wima, ipite.

Jeti ndogo, ya sailensi, ilikuwa imeziba, na ndiyo iliyofanya choki iwe lazima. Tundu lake ni jembamba sana. Jeti namba 38 ina tundu la takriban milimita 0.38. Nililizibua kwa uzi mmoja wa shaba kutoka waya laini wa umeme. Sindano ya chuma inalitanua, na likitanuka jeti haifai tena. Matundu ya mwili wa kabureta niliyasafisha kwa dawa na kuyapuliza kwa upepo wa fundi wa matairi, baada ya kutoa oringi zote, maana dawa ya kusafishia kabureta huzivimbisha.

Wakati wa kufunga, mkato wa slaidi uelekee filta, na klipu ya sindano ya slaidi ikae mfereji wa katikati. Nati nilizikaza kwa zamu, nusu mzunguko kila upande, kwa spana fupi, bila kuongeza bomba la kurefusha mpini. Skrubu ya mchanganyiko, inayorekebisha hewa na petroli wakati wa sailensi, niliifunga mpaka ikagusa tu, nikairudisha mzunguko mmoja na nusu.

Injini ikishapata moto, weka sailensi kama mizunguko 1,400 kwa dakika, kisha zungusha skrubu ya mchanganyiko taratibu mpaka mngurumo uwe wa juu na laini kuliko kote, ndipo ushushe tena sailensi. Kumbuka skrubu hiyo ikiwa upande wa filta inatawala hewa, ukiifungua mchanganyiko unapungua petroli. Ikiwa upande wa injini inatawala petroli, ukiifungua petroli inaongezeka. Mwisho nilimwagia maji kidogo kwenye maungio ya kabureta. Mngurumo ukibadilika, bado inavuta hewa.

Baada ya safari ndefu fungua plagi. Rangi ya kahawia iliyokolea kidogo ni sawa. Ikiwa nyeusi yenye masizi, shusha sindano ya slaidi kwa kupandisha klipu mfereji mmoja. Ikiwa nyeupe, shusha klipu. Na weka filta ndogo kati ya koki na kabureta, hasa kama unanunua petroli ya chupa barabarani.