Kamera pacha na mguu wa Bibi

Jumapili, usiku

Leo Bibi kanicheka mpaka kanga ikamdondoka. Nitafika huko.

Muda mrefu nimepiga picha za stereo, yaani picha mbili za kitu kimoja, moja kwa kila jicho, ili kina kionekane, kwa kamera moja: unapiga ya kushoto, unahamishia uzito mguu wa kulia ili kamera isogee sentimita 6 na ushei, kama nafasi iliyopo kati ya macho ya mtu, kisha unapiga ya pili. Kwa magofu ya Kaole inatosha, makaburi hayakimbii. Lakini nenda nayo soko la samaki Bagamoyo, asubuhi vyombo vinapoingia. Kati ya picha ya kwanza na ya pili mchukuzi keshapiga hatua tatu. Ukiziunganisha, jicho moja linamwona na jingine halimwoni. Anabaki pale kama jini, nusu yupo, nusu hayupo.

Ndiyo maana nikatafuta Canon ndogo ya pili, mtumba kama mwenzake, toleo lile lile. Fundi seremala akanikatia kipande cha mninga, nikazifunga juu yake kwa skrubu za robo inchi, nikaweka pima maji. Hapo pa pima maji usipadharau. Macho yamezoea tofauti ya kushoto na kulia, siyo ya juu na chini. Kamera moja ikiinama kidogo tu, mtazamaji anaumwa kichwa na hajui kwa nini. StereoPhoto Maker, programu ya bure, hunyoosha kosa hilo baadaye, ila kila ikinyoosha inakata kingo za picha, na mimi kwa kingo ni bahili.

Kilichonitoa jasho ni kubonyeza kwa pamoja. Nilianza kwa vidole viwili. Upuuzi mtupu! Vidole vinaapa vimebonyeza sawia, bahari inakataa: povu linametameta vibaya kwa sababu kila jicho limepewa povu lake. Sasa kila kamera ina CHDK kwenye kadi ya memori, programu inayoiwezesha Canon kuamriwa ipige kupitia tundu la USB, na kitufe kimoja chenye betri kinapeleka umeme kwenye matundu ya USB ya zote mbili. Fokasi na mwanga naseti mwenyewe. Nikiziachia, moja inafuata jua, nyingine kivuli, pacha wananuniana.

Asubuhi ya leo nikapata picha niliyokuwa naitaka: mama mmoja anamwaga dagaa kutoka kwenye beseni, dagaa wako hewani, na kila mmoja ana umbali wake. Mwanasayansi Mwingereza Charles Wheatstone alipoeleza mwaka 1838 kwamba kina tunakipata kutokana na tofauti ya picha za macho mawili, alitumia michoro ya mistari, kwani upigaji picha ulikuwa bado haujatangazwa. Laiti angewaona hawa dagaa.

Mchana nikampiga Bibi akikuna nazi, na hapo kichwa kikanivimba. Kamera zangu zikikaa ubavu kwa ubavu, lenzi zinaachana sentimita 10 hivi. Wapiga stereo wana kanuni ya 30: kitu cha karibu kabisa kiwe mbali mara 30 ya nafasi hiyo, yaani mita 3. Bibi alikuwa juu ya mbuzi, mguu mmoja kaunyoosha kunielekea, kidole gumba hakifiki mita moja kutoka kwenye lenzi. Nikabonyeza hivyo hivyo.

Kumfundisha kuzitazama picha mbili kwa kupishanisha macho mpaka ziungane nilishindwa. "Unataka nipate makengeza uzeeni?" Basi nikaigeuza iwe ya rangi mbili, nikampa miwani ya karatasi, upande mmoja mwekundu, mwingine wa samawati. Akaivaa juu ya miwani yake. Akaisogeza kompyuta mbali, akaivuta tena.

"Mume wangu, huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Bibi."

"Na mguu huu, mrefu kama kasia, ni wa nani?"

Ndipo kanga ilipodondoka. Kutoka penye mbuzi mpaka mlango wa uani ni mita 3 na robo. Nimeshapima.