Kutoka Murang'a hadi Meru, Jimbo Moja

Nauli ya Embu hadi Meru Ijumaa ile jioni ilikuwa imepanda maradufu. Nililipa, nikabanwa kiti cha nyuma, magoti yakigonga chuma. Kufika mteremko wa mto Thuci, gari likachemsha. Tukashushwa, tukakaa kando ya barabara zaidi ya saa mbili, na nauli haikurudishwa hata shilingi.

Aliyekaa karibu nami alikuwa mzee wa Meru, mwenye bakora. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, unakwenda kwa nani?" Nikamwambia siendi kwa mtu. Nataka kupita mwanzo hadi mwisho katika jimbo ambalo babu yangu hakuruhusiwa kupiga kura.

Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Baba yangu alipiga tatu."

Baba yake alikuwa mwalimu. Machi 1957, Waafrika wa Kenya walipochagua wabunge wao kwa mara ya kwanza, viti 8 tu nchi nzima, mtu alihesabiwa kura kwa elimu, mapato, mali, utumishi wa miaka mingi. Mwisho kura tatu. Mkoa wote wa Kati ulikuwa jimbo moja, Kiambu hadi Meru. Lakini Mkikuyu, Mwembu na Mmeru alitakiwa kwanza cheti cha utiifu kwa serikali, na kule kwetu Murang'a, Hali ya Hatari ya vita vya Mau Mau ikiwa bado inaendelea, wengi hawakukipata. Babu alikuwa ametoka Manyani, kambi ya kizuizini. Nani angempa cheti? Meru kulikuwa na wapiga kura wengi zaidi, na Bernard Mate wa huko akamshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, mwaka 1944.

Jimbo lenyewe liliishi mwaka mmoja. Machi 1958 viti viliongezwa, likakatwa vipande: Mate akabaki na Meru, Jeremiah Nyagah akapata Nyeri na Embu, Julius Kiano upande wa kusini.

"Baba alijivunia zile tatu," mzee alisema. "Mimi sikuwahi kufikiri ni za nani."

Meru tulifika saa nne usiku. Chumba nilitozwa ghali, na bomba halikutoa tone. Nikampigia mama simu, nikamwuliza babu angemchagua nani.

"Mathu," alijibu papo hapo. "Mpaka anakufa alikuwa akisema angempa Mathu."