Nilivyompata chatu wa mabaka meupe bila kumnunua

Wafugaji wa nyoka tuna ugonjwa wetu. Mtu anaanza na chatu-mpira wa kawaida, wa kahawia na nyeusi, mpole, anayejikunja akiogopa na kuficha kichwa katikati. Mwaka haujaisha, tayari anamtafuta albino. Akimpata albino, anamtaka mweupe mwenye macho ya bluu. Mimi nilinaswa na paibaldi: chatu ambaye mwili wake ni mweupe pe kwa vipande, ghafla rangi inarudi, halafu inapotea tena. Hakuna wawili wanaofanana. Mmoja ana baka dogo karibu na mkia, mwingine ni mweupe karibu wote, na ukiwatazama wazazi huwezi kujua mtoto atatoka na weupe kiasi gani.

Kinachovuta si uzuri peke yake, ni kujua kwamba rangi hiyo ilikuwa imejificha. Chatu hawa walisafirishwa kwa maelfu kutoka Ghana, Togo na Benin, na mara chache sana alijitokeza mmoja wa ajabu kati ya wenzake. Kazi ilikuwa kuthibitisha kwamba ajabu hiyo inarithiwa. Mmarekani Bob Clark alifanya hivyo kwa albino mwaka 1992, na Pete Kahl kwa paibaldi mwaka 1997. Enzi hizo nyoka mmoja wa namna hiyo aliuzwa kwa maelfu ya dola. Leo wazalishaji ni wengi na bei imeporomoka, jambo linalowakera waliodhani wamenunua kiwanja.

Jeni ya paibaldi haijionyeshi mpaka mtoto airithi kwa baba na kwa mama. Aliyeirithi upande mmoja tu, yule tunayemwita heti, kwa macho ni chatu wa kawaida kabisa, na bei yake ni ya chini. Hapo ndipo nilipoona njia yangu. Nikatafuta dume na jike, wote heti, wasio wa ukoo mmoja. Wapo wanaomgeuza nyoka tumbo juu na kutafuta mistari miwili iliyonyooka karibu na mkia, eti ndiyo alama ya heti. Mmoja wa wangu anayo, mwingine hana. Nilichoamini ni daftari la mfugaji: kila mmoja alikuwa na mzazi paibaldi, kwa hiyo hakukwepa kuibeba jeni hiyo. Asiye na daftari la kuaminika anaweza kupeleka kipande cha gamba alilojivua nyoka kwenye maabara zinazopima jeni.

Nilipokuwa natafuta, nilipewa spaida, aina nyingine ya chatu-mpira, kwa bei ya kutupa, nikakataa. Spaida ana mistari myembamba ya kupendeza, ila jeni inayomchora ndiyo inayomvurugia uwiano wa mwili. Yule niliyeonyeshwa kichwa chake kilikuwa kinatikisika hata akiwa ametulia. Alipoletewa panya, shingo ilijipinda mpaka kidevu kikatazama juu, akamrukia, akapita pembeni, akarudia. Muuzaji alicheka. Kwa upande wa mijusi kuna Lemon Frost, aina ya mjusi-chui mwenye rangi ya kung'aa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA) uliochapishwa mwaka 2021 uliihusisha rangi hiyo na jeni SPINT1, na zaidi ya asilimia 80 ya wenye rangi hiyo huota uvimbe wa saratani. Adimu wa namna hiyo sitaki kumwona kwangu. Paibaldi hajulikani kwa balaa kama hilo.

Kilichofuata kilikuwa kungoja. Jike anatakiwa kufikisha kama gramu 1,500 kabla ya kupandishwa, na kwa wengi hiyo ni miaka mitatu hivi. Nikawa nampima na kuandika, napima na kuandika. Alipofika, nilikuwa nikimwingiza dume kwenye boksi lake siku chache, namtoa ale na kupumzika, namrudisha. Jike akavimba katikati, akajivua gamba, na baada ya kama mwezi akataga mayai sita yaliyogandana.

Nilitia alama ya penseli juu ya kila yai kabla ya kuyahamisha. Si kama ya kuku: kiinitete hushikamana na ukuta wa juu, na yai likigeuzwa kinaweza kufa. Mashine niliiweka kati ya nyuzi 31 na 32. Kila yai lilikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kutoa paibaldi, maana yake kwa sita uwezekano wa kutoka kapa ulikuwa karibu asilimia 18. Hesabu hiyo niliirudia usiku mara nyingi kuliko inavyostahili.

Walipoanza kupasua maganda, roho ilinidunda bure. Paibaldi kwa kawaida ana kichwa chenye rangi kama chatu yeyote, na vitoto hukaa na pua nje kwa saa nyingi vikimalizia kiini. Wengine huchukua mkasi wakakata maganda. Mimi niliyaacha mayai. Kesho yake mmoja alijisogeza, na nyuma ya shingo ya kahawia kikafuata kipande kirefu cheupe kisicho na doa.

Watano waliobaki walikuwa wa kawaida kwa macho. Ndio hao huuzwa kama "heti wa asilimia 66", kwa sababu kila mmoja ana nafasi mbili kati ya tatu ya kuibeba jeni. Sikutaka kumwuzia mtu bahati nasibu, nikapeleka magamba yao ya kwanza maabara: watatu heti, wawili hawana kitu. Hao wawili waliondoka kwanza, kwa watu wanaoanza ufugaji na waliotaka tu nyoka mpole anayekula bila matata. Paibaldi ni dume na nimebaki naye. Jike nitakayemtafutia atakuwa heti tena, wa ukoo mwingine. Kwake na dume huyu, nafasi ya kila yai itakuwa nusu kwa nusu.