Kirikuu iliyosahau namba moja

Gia za kirikuu yangu, kile kigari kidogo cha mizigo cha Kijapani, zilinigomea Mpunguzi, nje ya mji wa Dodoma, mwezi wa nane, kreti 24 za zabibu zikiwa nyuma. Nimetoka shambani na vumbi langu, nikasimama kusubiri niingie lami ya Iringa, nikakanyaga klachi, nikasukuma namba moja. Mkono wa gia ukaenda mbele vizuri tu. Naachia klachi, gari likatetemeka likazima. Kumbe ile ni tatu. Nikarudia, tatu tena. Nikitafuta mbili napata nne. Rivasi ndiyo haipo kabisa, kama vile gari lilitoka Japani bila hiyo gia.

Na mkono wenyewe ulikuwa unacheza kushoto kulia kama kijiko ndani ya kikombe cha chai. Ningeshuka pale pale nikachungulia chini ningeliona tatizo. Lakini jua la saa saba, zabibu zimeshakatwa, mteja anapiga simu. Nikaondokea namba tatu. Hizi gari Wajapani walizipangia kubeba kilo 350, mimi nilikuwa na kama 480 (msinianze). Kila tuta napunguza, kila baada ya tuta napandisha resi injini ya watu ya cc 660 na kuachia klachi kidogo kidogo. Nafika Majengo, mjini, harufu ya klachi kuungua imeshatangulia.

Fundi wa kwanza hakuinama hata kidogo. Alikaa kwenye kiti, akauzungusha mkono wa gia mara mbili, akafuta mikono ambayo haikuwa imechafuka. "Dada, giaboksi imekufa hii. Tuishushe, nikuagizie ya mtumba Dar. Andaa laki saba."

Nikamwambia nakuja.

Nikalipeleka Chang'ombe kwa mzee mmoja ambaye baba yangu alikuwa akimpelekea Land Rover. Nikamwamkia mbukwenyi, akacheka Kigogo changu, halafu akasema, "Mwanangu, zima gari kwanza." Akaniambia niingize gia zote injini ikiwa imezimwa, kisha niwashe nijaribu tena. Gia zikiingia kirahisi gari limezimwa, halafu zikakataa au kukwaruza likiwaka, ujue klachi haiachii vizuri, kaanzie kwenye waya wake. Za kwangu zilikuwa vile vile, limewaka au limezimwa: tatu na nne tu.

Akalala chini juu ya boksi. "Tikisa."

Nikatikisa. Kirikuu yangu ina waya mbili zinazotoka kwenye mkono wa gia hadi kwenye giaboksi. Mmoja unasukuma mbele na nyuma, mwingine unachagua kushoto na kulia. Ndani kuna springi inayorudisha kila kitu katikati, na katikati ndipo zinapokaa tatu na nne. Wa kushoto na kulia ukilegea, moja, mbili, tano na rivasi huzifikii hata uvute mpaka bega liume.

Akaniita nikachungulie. Kwenye jicho la ule waya, bushi ya plastiki (kipete kinachokaa kati ya jicho na pini) ilikuwa imesagika yote, kimebaki kinyesi chekundu cha grisi na vumbi la Dodoma. Tundu lililokuwa duara limekuwa kama yai, linang'aa kwa kusuguliwa na pini. Pini inatembea humo, waya hausogei.

Bushi peke yake hatukuipata, ikabidi kuagiza waya mzima. Mzee akamtuma kijana alete kandambili kuukuu. Akakata kipande cha soli, akakitoboa kwa msumari uliochomwa moto, akakisokomeza ndani ya jicho, akaweka washa (kile kipete bapa cha kukazia), akakaza kwa waya wa kufungia nondo. Namba moja ikaingia kwa kidole kimoja. Kandambili ile ilinitembeza wiki tatu mpaka waya ukafika.

Sikufurahi sana lakini. Mwezi uliofuata nikiwa na mzigo, injini inapiga kelele, gari haliendi. Klachi inateleza. Na ili kuibadilisha lazima giaboksi ishuke, kama yule fundi wa kwanza alivyotaka. Mzee alipoifungua akanipa preshapleti, ile sahani ya chuma inayobana klachi, niishike. Usoni ilikuwa na mabaka ya bluu ya moto, yamezunguka pande zote.

"Hii hapa safari yako ya Mpunguzi," akasema, akaendelea kufungua nati.